Walimuuliza kwanza

Nina steshenari ndogo karibu na Mahakama ya Kisutu. Mali yangu yote ni mashine ya kopi, printa mbili ambazo moja ni mgonjwa wa kudumu, kompyuta, kile kidude cha kulaminisha vyeti, na benchi la mbao. Mawakili wananiita dada, makarani wananiita Mama Kopi. Nachapa viapo, mikataba ya nyumba za kupanga, maombi ya mirathi, na barua za watu wanaojua wanachotaka kusema ila hawajui waanzie wapi. Ukiniuliza kama huwa nasoma ninachochapa nitakwambia sisomi, naangalia mpangilio tu. Ni uongo. Nasoma kila kitu.

Siku moja ya masika, mtaro umejaa na wateja hakuna, akaingia kijana mwanafunzi wa sheria, suruali kaikunja mpaka magotini. Akanipa flashi.

"Dada, nitolee kurasa hizi nilizotia alama, nakala mbili mbili."

Ilikuwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022. Imeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha mahakamani. Sidhani kama kingenisaidia kununua samaki, lakini mahali palipoandikwa mtu atafungwa miaka mingapi huwa napaona haraka kuliko wakili. Kifungu cha 150: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, au anayejaribu kumtoa, awe kweli ana mimba au hana, miaka 14. Cha 151: mwanamke mwenyewe anayejitoa, miaka saba. Cha 152: anayetoa dawa au kifaa huku akijua kinakwenda kufanya kazi gani, miaka mitatu.

Ukurasa wa pili ukatoka na mistari myeupe katikati. Wino unaisha. Nikafungua printa, nikatoa katriji, nikaanza kuitikisa kama mtu anayetikisa chupa ya dawa, na huku natikisa nikawa napiga hesabu. Oktoba 1999, jumlisha saba. Oktoba 2006. Mwaka ule nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza ndipo dada yangu angekuwa anatoka gerezani.

"Dada, vipi, imekufa?" kijana akauliza.

"Haijafa. Subiri."

Ninaposema dada, ni mtoto wa mama mkubwa. Kwetu huyo ni dada, hakuna maelezo mengine. Ameniruhusu niandike haya. Jina lake silitaji, na vitu viwili vitatu nimevigeuza ili jirani asimtambue.

Mwaka 1999 tulikuwa tunakaa Tandika, nyumba ya vyumba sita, mwenye nyumba humo humo, choo kimoja, uani kuna kamba ya nguo inayotoka ukuta hadi ukuta. Mimi nilikuwa na miaka 15. Dada alikuwa na 19, kamaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpenda, akawa anajifunza ususi kwenye saluni moja Temeke. Alikuwa hodari. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ukisukwa naye unasinzia.

Mwanaume alikuwa na duka la nguo Kariakoo na mke nyumbani. Dada alipomwambia, alifungua droo, akahesabu noti, akampa. Akasema neno moja tu: "Shughulikia."

Wa kushughulikia alikuwepo. Kila mtaa anakuwepo. Huyu wa kwetu aliwahi kuwa mhudumu wa usafi hospitalini miaka ya nyuma, watu wakamwita dokta, naye akaitika. Alikuwa na chumba nyuma ya duka la mkaa. Dada alikwenda peke yake siku ya Jumamosi, akarudi kabla ya adhuhuri, akasema ana tumbo la kawaida la mwezi, akalala.

Siku hizo mtu mzima yeyote wa Dar es Salaam anazikumbuka. Mwalimu alikuwa amefariki London Alhamisi ile, tarehe 14 Oktoba. Redio ilikuwa ya msiba kutwa kucha. Saluni zimefungwa, watu wamejiinamia vibarazani. Mwili ulipoletwa na zamu ya wananchi kuaga ikafika pale Uwanja wa Taifa, nyumba nzima ikatoka. Kutoka Tandika mpaka uwanjani unakwenda kwa miguu, na mama na mwenye nyumba walikwenda kwa miguu, wamejifunga khanga nyeusi. Nikabaki mimi na dada na redio.

Damu ilikuwa siku ya tatu. Sio ya mwezi, hata mimi wa miaka 15 nilijua. Alijitandikia khanga chini, moja juu ya nyingine, na zilipokwisha zake akaniambia nichukue za mama, zile za sandukuni za kuendea shughuli. Nilikuwa nazifua uani kabla watu hawajarudi. Ya kwanza niliichemshia maji, nikidhani maji ya moto ndiyo yanang'arisha. Dada akaniita kutoka ndani, sauti imekuwa ndogo: "Damu haifuliwi kwa moto, inaganda. Weka ya baridi kwanza, iache, ndiyo utie sabuni." Kalala pale anatetemeka, ananifundisha kufua. Nilimaliza madumu mawili ya maji na kipande kizima cha sabuni ya mche. Khanga niliyoichemsha haikutoka doa. Nikaikunja kwa ndani, nikairudisha chini kabisa ya sanduku.

"Dada, twende hospitali."

"Watanipeleka polisi."

"Nimwite mama?"

"Watampeleka mama polisi."

Hivyo ndivyo alivyoamini, na sikuwa na cha kumjibu, kwa sababu hata mimi niliamini hivyo. Hakuna aliyewahi kutusomea kifungu. Tulijua tu kama mtu anavyojua usiku kuna wezi. Homa ilimpanda mpaka midomo ikapasuka, na bado alichokuwa anakiogopa ni askari. Nimelifikiria hilo kwa miaka zaidi ya ishirini. Kifo kilikuwa kimekaa naye mkekani, na yeye anatazama mlango.

Mama alirudi jioni, miguu imejaa vumbi, macho mekundu kwa kilio cha Mwalimu. Akasimama mlangoni mwa chumba chetu. Hakuuliza kitu. Alinusa. Mwanamke aliyezaa anaijua harufu ile. Akavua ushungi, akaketi chini, akamshika dada kichwa, na alfajiri akaenda kutafuta teksi.

Hospitali siitaji, na siku hizi hata jengo lile limebadilika. Tulifika saa nne na nusu asubuhi, kwa sababu barabara zilikuwa zimejaa waombolezaji. Juu ya mlango wa wodi kulikuwa na saa ya ukutani yenye kioo kilichopasuka. Nesi akaja, akamtazama dada, akajua palepale. Hakugusa mshipa wala paji la uso.

"Umefanya nini?"

"Nimeanguka."

"Umeanguka wapi?"

"Bafuni."

"Hilo bafu lenu lina nini? Wiki hii wewe ni wa ngapi umeanguka bafuni?" Mwenzake akacheka. "Sema ukweli kabla sijaita askari."

Dada akafunga mdomo. Mama akaanza kulia na kuomba, nesi akamwambia, "Mama, wewe ndiye unayewafundisha." Wakaondoka. Wakarudi. Wakauliza tena. Alipoingizwa ndani ilikuwa saa tisa kasoro mchana. Kutoka saa nne na nusu hadi saa tisa kasoro, damu inashuka kwenye benchi, na kilichokuwa kinasubiriwa ni jibu.

Walimtoa kizazi usiku ule. Daktari aliyemfanyia alisema wangemuwahi asubuhi pengine kingebaki. Pengine. Yule nesi nilimchukia kwa miaka kama kumi hivi. Siku hizi nikimkumbuka nadhani naye alikuwa anaogopa kitu. Mtu akimtibu binti kama yule, kisha likaja kuulizwa, ataambiwa alikuwa anaficha mhalifu. Ndivyo alivyodhani. Hakuna aliyemsomea naye.

Turudi Kisutu.

Katriji ilikubali, kurasa zikatoka. Kijana akaona nimezishika tu sizimpi. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii sheria ni ya lini?" Akafurahi. Wanafunzi wa sheria hawapati mtu wa kuwauliza. Akakaa kwenye benchi akanipa darasa la bure, mvua inapiga bati.

Akasema mizizi ya vifungu hivi ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1861. Wakatuletea walipokuja kututawala. Halafu mwaka 1938 kule London daktari mmoja, Aleck Bourne, alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari jeshi. Hakujificha. Alifanya akijua atashitakiwa, na akashitakiwa. Jaji akawaeleza wazee wa baraza kwamba sheria inaposema kinyume cha sheria, maana yake kuna namna ambayo si kinyume, na kwamba kuokoa uhai wa mama si lazima usubiri mpaka awe anakata roho: ikiwa mimba itamvunja mwili au akili, daktari wa nia njema anaruhusiwa kuingilia. Bourne akaachiwa. Mwaka 1967 Bunge lao likatunga sheria mpya na kufungua milango.

"Na sisi?"

"Sisi uhuru tulipata 1961, dada."

Nikaelewa. Bendera yao tuliishusha, kifungu tukakiacha kinaning'inia. Wenyewe wameshahama kwenye nyumba, sisi bado tunalipa kodi.

Kisha akanionyesha karatasi ya mwisho katika zile nilizomtolea, kifungu cha 230, ambacho mimi nilikuwa nimekipita. Kinasema mtu hana kosa la jinai akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na kwa ujuzi, kwa faida ya mgonjwa, au kwa mtoto aliye tumboni ili kuokoa maisha ya mama, ikiwa hali ya mgonjwa inadai hivyo. Akaweka kidole juu ya lile neno la kifungu cha 150, kinyume cha sheria, kisha akakirudisha kwenye 230. "Mlango ni huu, dada. Mdogo, lakini upo. Shida hauna kibao."

Hauna kibao kweli. Mimi nimekaa mita chache kutoka mahakamani miaka yote hii, nimechapa rufaa za kila aina, sikujua. Daktari wa zahanati ya pembezoni atajua vipi? Atajua tu kwamba kuna miaka 14. Ukimwekea mtu miaka 14 upande mmoja, na upande wa pili ukamwekea sentensi ndefu yenye neno "nia njema" ambayo atatakiwa kuithibitisha kizimbani, atachagua kuandika rufaa ya mgonjwa na kumsukuma kwa mwenzake.

Nikamuuliza kuhusu aliyebakwa. Akakuna kichwa. Vifungu vile havimtaji. Ila kuna Mkataba wa Maputo wa mwaka 2003, wa haki za wanawake wa Afrika, na Tanzania iliuridhia 2007. Ibara ya 14 inazitaka nchi ziruhusu mimba itolewe na wataalamu wa tiba pale mwanamke alipobakwa, alipopewa mimba na ndugu wa damu, au pale mimba inapohatarisha afya yake ya mwili au akili, au uhai wake au wa kilicho tumboni. Majirani zetu Kenya na Uganda waliweka pingamizi kwenye kipande hicho. Sisi hatukuweka.

"Basi si imeruhusiwa?"

"Hapana, dada. Mkataba hauwi sheria ya kutumika mahakamani mpaka Bunge liutungie sheria."

Kumbe ni kama posa. Posa imekubaliwa tangu 2007, mahari imepokelewa, picha zimepigwa, bibi arusi bado yuko kwao. Na katikati ya posa na ndoa kuna binti wa darasa la sita aliyeharibiwa na baba wa kambo, anabeba.

Yule kijana alirudi miezi baadaye kuchapa utafiti wake wa mwisho wa mwaka, na ndani yake nikakutana na namba. Nilizichapa mwenyewe, nikazirudia mara mbili nikidhani amekosea sifuri. Watafiti wa NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wa chuo cha Muhimbili, pamoja na taasisi ya Guttmacher ya Marekani, walikadiria kwamba mwaka 2013 pekee mimba 405,000 zilitolewa nchini. Wanawake 66,600 walitibiwa madhara yake hospitalini na vituoni. Wengine kama 100,000 walipata madhara na hawakutibiwa.

Hao 100,000 ndio walionishika. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000. Ujaze, kisha uwapange wengine nje mpaka uvuke nusu nyingine. Sijui kila mmoja wao kilimzuia nini, wapo waliokosa nauli, wapo walio mbali na kituo. Lakini najua wapo waliolala kwenye khanga zilizokunjwa, wanatazama mlango.

Na hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu kutibiwa hakujakatazwa. Soma vifungu vyote vitatu utafute mahali palipoandikwa daktari asimguse mwanamke anayetoka damu. Hakuna. Wizara ya Afya yenyewe inayo huduma inayoitwa huduma baada ya mimba kuharibika, wauguzi wanafundishwa, vifaa vinanunuliwa. Iwe imetoka yenyewe au imetolewa, anatakiwa asafishwe, apewe dawa, aelezwe uzazi wa mpango, aende nyumbani. Dada alikuwa na haki ya kutibiwa saa nne na nusu. Ila kifungu cha 151 kinakaa pale getini kama mgambo, kinamuuliza kila anayeingia.

Pale nje ya kibanda changu kuna fundi viatu, mzee wa makamo, rafiki yangu. Tumebishana haya mpaka chai imepoa. Yeye husema, "Mama Kopi, mkifungulia hilo, mabinti watafanya mchezo." Namuuliza ni nani kamwambia leo limefungwa. Namba si hizo? Limefungwa kwa asiye na kitu. Mwenye nazo anaingia kwenye kliniki yenye kiyoyozi, anatoka saa mbili baadaye amevaa miwani ya jua, na kwenye risiti imeandikwa kitu kingine kabisa. Risiti za aina hiyo nimewahi kuzitoa kopi.

Lakini ana swali jingine, na hilo sitaki kulipita mbio. Huuliza, "Na yule wa tumboni, nani atamsemea?"

Mimi ni Muislamu, nimekaa madarasani, nimesikia wanazuoni wanavyotofautiana kuhusu zile siku 120 kabla ya roho kupulizwa: wapo wanaoruhusu kabla yake kwa udhuru, wapo wasioruhusu ila uhai wa mama ukiwa hatarini. Jirani yangu wa kibanda cha pili ni Mkatoliki, kwake uhai unaanza siku ya kwanza, na sioni kwa nini nimcheke. Mimi mwenyewe nilipopata mimba ya tatu, nikiwa nimeachwa na deni la printa, nililia wiki nzima kisha nikazaa, na mtoto huyo sasa hivi anarusha mpira ukutani nashindwa kuandika. Niliamua mwenyewe. Hakuna hakimu aliyeniamulia, wala mwenye duka.

Ninachomjibu fundi ni kwamba kwenye kile chumba cha Tandika, sheria haikumwokoa huyo wa tumboni. Haikuwepo alipokuwa anahesabiwa noti Kariakoo. Haikuwepo nyuma ya duka la mkaa. Ilikuja kuonekana siku ya nne, hospitalini, kwa sura ya swali. Kama kazi yake ilikuwa kulinda, ilichelewa, na ilipofika nusura imchukue na wa pili.

Na mwanaume? Vifungu vile nimevisoma mbele nyuma, mwenye mimba yake hayumo, labda ukimkamata ananunua dawa. Najua ipo miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016. Dada hakuwa mwanafunzi. Na hao wanafunzi wenyewe, mpaka Novemba 2021 binti akionekana na mimba alikuwa anafukuzwa na harudi tena kwenye shule ya serikali. Wewe una miaka 16, uko kidato cha pili, ukisema unapoteza shule, ukinyamaza tumbo litasema lenyewe. Unadhani ataelekea wapi? Sasa hivi wanaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua, na nina hakika lile tangazo moja la wizara limewaepusha wengi na vyumba vya nyuma ya maduka kuliko kifungu cha 151 tangu kiandikwe.

Ningekuwa naulizwa, ningesema hivi: kifungu cha 151 kifutwe chote, mwanamke asifungwe kwa tumbo lake. Yaliyomo Maputo yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na nesi wa Kisarawe. Zambia wana sheria tangu 1972, ila inataka saini za madaktari watatu, na huko vijijini hata mmoja ni wa kubahatisha, kwa hiyo tusije tukaiga na hilo. Siulizwi. Kazi yangu ni kopi.

Sasa la mwaka huu.

Alikuja binti asubuhi, mwenye umri kama wa dada wa siku zile, anataka nimchapie barua ya kuomba ruhusa kazini. Siku tatu, sababu za kifamilia. Nikamuuliza aandikiwe nani, hakujibu. Nikageuka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu, na wakati feni ilikuwa inampiga yeye. Nikatazama benchi alipokuwa amekaa. Kisha nikamtazama usoni, akaona kwamba nimeona.

"Mama, usimwambie mtu."

Nilifunga kibanda saa nne na robo asubuhi, siku ya kazi, foleni ya viapo mlangoni. Wakili mmoja akanifokea, nikamwambia nakuja. Nilivua mtandio nikamfunga kiunoni, nikamsimamishia bajaji. Njiani akawa ananing'ang'ania mkono, anasema, "Watanifunga, mama, watanifunga." Hofu ile ile. Nikamwambia nilichotakiwa kumwambia dada mwaka 1999, kama ningekijua: "Kutibiwa si kosa. Ukifika sema damu imeanza lini na una homa au huna. Hayo tu." Nikalirudia mpaka dereva naye akageuka akasema, "Msikilize mama."

Nesi aliyetupokea alikuwa kijana, kucha fupi, kalamu sikioni. Nilijiweka tayari kwa vita. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumtajia vifungu. Akamshika binti mkono, akatafuta mapigo, akauliza jina. Akauliza umri. Damu imeanza lini? Unasikia homa? Kuna dawa yoyote inayokudhuru? Akaandika, akamlaza, akamchoma sindano. Dakika kumi hazikufika. Vifungu vyangu vikabaki mdomoni.

Hadi leo sijui kama mimba ile ilitoka yenyewe au vipi. Sikumuuliza. Wiki iliyofuata alikuja kumalizia barua yake, nakala tatu. Aliniletea na mtandio, umefuliwa na kupigwa pasi.

Dada sasa anakaa Mbagala, anakaanga vitumbua asubuhi na jioni. Wanangu wanamwita mama mkubwa, na kwao neno lake lina uzito kuliko langu. Jumapili nilikwenda kumsomea haya kwenye simu, nimekaa kwenye kigoda pembeni ya jiko, yeye anamimina unga kwenye kikaangio. Alisikiliza mpaka kwenye khanga, akasema, "Ile uliyoichemsha mama aliiona. Hakuwahi kukwambia tu." Nikaendelea.

Nilipomaliza akanyamaza kidogo.

"Andika," akasema. "Ila usiandike kwamba najuta."

"Sijaandika."

"Wala usiandike kwamba sijuti."

"Sijaandika."

Akachukua kijiti chake, akageuza kitumbua kimoja, cha pili, cha tatu, kwa ule mkono wake mwepesi.

"Yule binti wa benchi, walimuuliza?"

"Walimuuliza jina. Na umri. Na damu imeanza lini."

"Basi?"

"Basi."

Akageuza cha nne.